Ng'ombe wa kwa Mboje

Firigisi ilikwenda kwa Marcelo. Dastan aliiona ikitoka kwenye bakuli, ikapita mbele ya pua yake, ikatua juu ya ugali wa mtu ambaye asubuhi ya siku ile alikuwa hajui kijiji cha Kimali kiko upande gani wa dunia. Na aliyeipeleka huko ni mama yake mzazi, Minza, kwa mkono wake mwenyewe, huku anacheka.

"Mama, na mimi je?" Dastan aliuliza, akijitahidi ionekane ni utani.

"Firigisi ni ya mgeni," alisema Minza. "Wewe mtoto wa hapa utakula kitakachobaki. Wivu unakuanza ukubwani?"

Walicheka wote watatu. Dastan naye alicheka, angefanya nini? Lakini tuseme ukweli bila kuzunguka: alikuwa anaona wivu, wivu wa kumkausha mtu mate, na wala haukuanza na kuku yule.

Dastan Maige alikuwa na mwaka wa saba katika Kitasa, kampuni ya Dar es Salaam inayouza programu za kulinda kumbukumbu ambazo mashirika huziweka kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Hakuwa muuzaji. Alikuwa yule mhandisi anayetangulizwa kabla ya mauzo. Ndiye anayekwenda kwa mteja kusikiliza shida zake, ndiye anayejaza yale madodoso ya maswali mia mbili, ndiye anayesimama mbele ya watu kuonyesha programu inavyofanya kazi na kuulizwa "na ikitokea hivi je?" mpaka shati linamlowa mgongoni. Mkataba ukishaanza kunukia, wanaingia wenye suti, wanapeana mikono na mteja, wanapigwa picha. Yeye wakati huo anakunja nyaya za projekta. Miaka saba, na hajawahi kupigiwa makofi hata siku moja. Alishajiambia kwamba makofi hayana maana kwake, na alikuwa anajidanganya.

Mwaka huu kampuni ilikuwa inatafuta mkuu wa wahandisi wa Kanda ya Ziwa. Kila mtu ofisini alijua kiti kile ni cha Dastan, mpaka alipoajiriwa Marcelo.

Marcelo alikuwa na miezi minane tu kazini, na kila alichokijua alifundishwa na Dastan. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyemfundisha: watu walimpenda. Akiingia ofisini kwa mteja, mlinzi wa getini anacheka, mhudumu wa chai anacheka, mhasibu aliyekuwa amenuna tangu Jumatatu naye anacheka. Dastan angeweza kueleza jambo kwa nusu saa, kwa usahihi wote, watu wakawa wanachungulia simu zao. Marcelo analisema lile lile kwa dakika tatu, tena nusu yake kakosea, na watu wanamwomba namba. Kitu kama hicho kinaumiza roho, na Dastan kilimuumiza kila siku ya kazi.

Kisha bosi wao, Apolonia, akatangaza kwamba onyesho la programu kwa mteja wa Bariadi ndilo litakalomsaidia kuamua. Akamkabidhi Marcelo aliongoze. Dastan awe msaidizi. Bariadi! Mkoani kwao, kwa watu wa lugha yake, awe msaidizi wa mtu aliyezaliwa Temeke.

Ndiyo maana Jumatano ile, walipotoka Mwanhuzi kuona tawi la mteja na Marcelo akaomba wapitie Kimali "tumsalimie mama", Dastan alikubali shingo upande. Njiani Marcelo alikuwa amejifunza kwa dereva salamu ya Kisukuma ya kumwamkia mama. Waliposhuka tu, akainama na kusema, "Mwadila, mayu!" kwa ulimi wa Dar ulioipinda salamu yote. Minza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Tangu mumewe afariki, Dastan hakumbuki kumsikia akicheka namna ile. Yeye aliyesalimia kwa Kisukuma kilichonyooka aliambiwa, "Umekonda."

Wakati wa kuondoka, mama alimvuta kando, nyuma ya jiko.

"Kule Mwanhuzi, umepita kwa Mboje?"

"Sikupita, mama. Nilikuwa na mgeni."

"Umefanya vizuri. Watu wasije wakajua."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba yake Dastan alipofariki, mdogo wa marehemu, Bundala, alikuja akaswaga ng'ombe wote waliokuwa zizini. Alisema anawatunza kwa niaba ya mtoto. Aliwatunza vizuri sana: katika miaka minne hakubaki hata ndama. Wasiofika mikononi mwake ni wale asiowajua, ambao marehemu mwenyewe aliwahi kuwapeleka kwa rafiki yake Mboje. Usukumani hilo ni jambo la kawaida. Mwenye mifugo harundiki mali yake yote kwenye zizi moja. Wengine anawapeleka kwa mtu anayemwamini, mtu yule anakunywa maziwa na kulimia, na wote wawili wanafunga midomo. Ugonjwa ukija hauwamalizi wote, na jicho la husuda likipita linaona zizi dogo na kuendelea na safari yake. Idadi haisemwi. Muulize mzee wa huko ana ng'ombe wangapi, atakujibu "wapo wapo tu" na kuanza kukutazama kama mwizi.

Kwa ng'ombe hao Minza alimsomesha Dastan mpaka chuo kikuu, akiuza mmoja mmoja kwa siri. Waliobaki walizaana. Yeye aliendelea kwenda kwenye vikao vya ukoo na kanga iliyopauka, na Bundala, kila Krismasi, alimletea kilo mbili za sukari kwa kumwonea huruma.

Alhamisi asubuhi, Dastan na Marcelo walikuwa wanakunywa chai kwenye nyumba ya wageni ya Somanda, mjini Bariadi. Nje bodaboda zilikuwa zinagombania abiria wanaokwenda hospitali. Marcelo alisogeza sahani ya chapati, akafungua laptopu.

"Kaka, njoo uone nilichokipata."

Mteja wao aliitwa Igembe, ushirika wa wakulima wa pamba na wafugaji. Mwaka uliopita Igembe walihamishia daftari zao zote kwenye wingu, na sasa walikuwa wameiruhusu Kitasa ichungulie kwa wiki moja, iwaambie palipo na tundu. Marcelo alikuwa amelipata tundu lenyewe. Kabrasha moja lilikuwa limeachwa wazi: yeyote mwenye anwani yake angeweza kulisoma, bila nenosiri, akiwa popote. Ndani yake mlikuwa na orodha ya hereni. Kila ng'ombe aliyechanjwa na ushirika na kuvalishwa hereni sikioni aliandikwa humo, jina la mwenye mali, na nyumba anakolala.

"Nitalifungua mbele yao, kwa simu yangu, kama mtu baki," alisema Marcelo. "Sitapiga hadithi. Waone wenyewe." Kisha akasita. "Ila kuna hiki kificho. Nikikiwasha, majina na idadi vinafunikwa. Nikiwashe, au niache wazi? Wewe ndiye mwenyeji hapa. Kuna shida yoyote?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, kalamu mkononi, tayari kuandika jibu.

Sasa, mwongozo wa kazi wa Kitasa uliandikwa na Dastan mwenyewe. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: usionyeshe hadharani taarifa za kweli za mteja. Alikuwa amemkaririsha Marcelo mstari huo wiki ya kwanza. Ila hapa palikuwa na sababu nyingine iliyoupita mwongozo. Alijua ni akina nani watakaokaa ukumbini: wajumbe wa bodi, wafugaji wa siku nyingi, watu wazima. Kuisoma orodha ile mbele yao ni sawa na kuwavua nguo. Aliiona picha yote kichwani. Mzee mmoja anasimama, wa pili anafuata, meneja anawaonyesha mlango, Apolonia anakunja uso, na Marcelo, Marcelo wa watu, anabaki pale mbele jasho likimtiririka, hana hata mmoja wa kumchekea. Picha ile ilikuwa tamu. Ng'ombe wa mama yake walimpita akilini kidogo tu, akawafukuza. Mwanamke ambaye hata padri hamwambii ana kuku wangapi, ataandikwaje kwenye orodha ya mtu?

"Hakuna shida," alisema. "Acha wazi. Watu wa huku wanataka kuona kitu kwa macho yao."

"Wabeja, kaka." Alishajifunza na kushukuru. Akampiga Dastan begani, akammegea nusu ya chapati yake. Dastan aliila, ikamshuka kwa taabu.

Ukumbi wa Igembe ulijaa saa nne. Meneja, Salvatory, alikuwa amewaita wajumbe wa bodi na viongozi wa matawi. Apolonia, aliyefika na gari la alfajiri kutoka Mwanza, alikaa nyuma karibu na dirisha, daftari gotini. Dastan alikuwa ameshaunganisha projekta na anataka kwenda kukaa, aliposikia sauti anayoifahamu.

"Huyu si mtoto wa kaka yangu?"

Alikuwa Bundala, baba yake mdogo, kavaa koti la siku ya harusi.

"Shikamoo, baba. Nawe upo huku?"

"Marahaba. Walinichagua bodi mwezi wa pili. Leo nimekuja kukuona unavyofundisha watu."

"Anayefundisha ni mwenzangu," alisema Dastan, na hata wakati ule, akiwa ameshaanza kuhofia ng'ombe wa mama yake, neno lile lilimchoma.

Bado angeweza kusema. Tumtendee haki: alifikiria. Marcelo alikuwa hatua tano tu kutoka pale alipo, na kumnong'oneza "washa kificho" kungechukua muda wa kupiga chafya. Lakini Marcelo alikuwa ameshawasalimia wazee kwa Kisukuma chake kile kilichovunjika, ukumbi mzima umeangua kicheko, na kule nyuma Apolonia alikuwa anacheka na kuandika. Dastan akaona anavyoandika. Akaenda kukaa.

"Wazee wangu," Marcelo alianza, "hii simu yangu. Mimi si mfanyakazi wa Igembe, sina nenosiri lenu. Naomba mniangalie vidole."

Aliandika anwani. Kile kilichokuwa kwenye simu kikatokea ukutani, kikubwa, kila mtu akakiona: safu ya majina, safu ya vijiji, safu ya idadi. Watu wakaacha kucheka.

"Nimeingia. Sijabisha hodi. Sasa tuanze na nani? Tuanze na nyumbani kwa mwalimu wangu, kaka Dastan, ambaye jana mama yake amenilisha kuku sitamsahau. Kimali!"

Aliliandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia. Orodha yote ikapotea, ikabaki mistari mitatu. Marcelo akasoma wa juu, kwa sauti yake nzuri inayofika hadi mlangoni.

"Minza Ndalahwa, Kimali. Ng'ombe thelathini na saba. Wanalala kwa Mboje, Mwanhuzi."

Hakujua. Jana alimwita mayu kutwa nzima, jina lake angelijulia wapi? Dastan akaelewa ilivyokuwa: Mboje alikuwa mtu mwaminifu. Wachanjaji walipomuuliza ng'ombe ni wa nani, alisema kweli, ili akifa, watoto wake wasije wakadhani ni wao.

Bundala alitoa miwani mfukoni, akaivaa taratibu.

"Rudia hapo, kijana."

Marcelo alifurahi kuona mzee amevutiwa. Akarudia, tena kwa sauti kubwa zaidi, akiitamka idadi silabi kwa silabi.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Zima! Zima hicho kitu! Na mimi nimo humo?"

"Mmo wote, mzee wangu," alisema Marcelo. "Na anayeweza kuwaona si mimi tu."

Ukumbi ulichafuka. Huyu anauliza nani aliyeandika, yule anamnyooshea kidole Salvatory, mwingine anataka kujua kama na watoza ushuru wanaona. Dastan alikuwa ameingoja dakika hii tangu chai ya asubuhi, na ilikuja kama alivyoipanga, ila haikuishia alipopanga. Marcelo hakutoka jasho. Alingoja makelele yapungue, akasema kwa upole, "Sasa nawafungia mlango." Akabonyeza kitufe kimoja kwenye programu ya Kitasa, kisha akafungua anwani ile ile kwa simu ile ile. Ukutani pakatokea maneno mawili: Huna ruhusa. Akajaribu tena. Huna ruhusa. Mzee wa mstari wa mbele akakaa.

Salvatory alijifuta uso kwa leso. "Hii kitu tunaihitaji leo," alisema. "Si kesho, leo."

Na hapo ndipo Marcelo akainua mkono kuomba utulivu. "Niseme kweli, mimi nilitaka kuyaficha majina. Kaka Dastan ndiye aliyeniambia niyaache wazi. Alisema watu wa kwao wanataka kuona kitu kwa macho yao. Bila yeye nisingefika popote. Naomba mumpigie makofi."

Wakampigia. Ukumbi mzima, makofi ya miaka saba kwa mkupuo mmoja. Apolonia alianza, akasimama kabisa. Hata wazee waliokasirika walipiga. Bundala alipiga polepole, wenzake wakamaliza, yeye anaendelea, na muda wote alikuwa anamtazama Dastan kupitia ile miwani.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, Apolonia alimshika mkono. "Sikufichi, Dastan, nilikuwa nimeshaamua ni Marcelo. Nilidhani wewe unajua mitambo tu, watu huwajui. Kumbe unawajua kuliko sisi wote. Mwongozo uliuandika mwenyewe na ukajua siku ya kuuweka pembeni. Barua ya ukuu naiandika leo, na jina ni lako."

Marcelo alimkumbatia mpaka miguu ikataka kutoka ardhini. "Hongera sana, kaka! Hongera, mkuu!" Dastan alimtafuta usoni hata chembe moja ya wivu, angalau hiyo imfariji, akaikosa.

Bundala alikuwa getini anapanda bodaboda. Alimwita Dastan kwa kidole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Msalimie mama yako," alisema. "Mwambie nawahi gari la Mwanhuzi. Nakwenda kuwaona ng'ombe wa kaka yangu. Jumamosi nitakuja kwake na wazee wa ukoo." Akamgusa dereva bega, wakaondoka.

Dastan alizunguka nyuma ya ghala la pamba, akapiga simu. Minza alipokea mara ya kwanza tu ilipoita, na nyuma yake kuku walisikika.

"Mama, Bundala amejua kuhusu kwa Mboje."

"Mboje amesema?"

"Hapana. Wameandikwa, mama. Kwenye orodha ya hereni. Leo imesomwa ukumbini, mbele ya watu."

"Ikasomwa na nani?"

"Na Marcelo."

"Yule mtoto?" Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na mshangao. "Yule ana adabu. Jana aliniuliza hata mahali pa kunawia mikono. Hawezi kusoma mali ya watu hadharani bila kuuliza. Hakumuuliza mtu?"

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, nyeupe kabisa. Angesema mgeni hakuuliza, mama angeamini, na Marcelo asingejua kamwe kwamba kule Kimali jina lake limeharibika. Dastan aliiona njia hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu amjue yule kijana, hakutaka kumpokonya kitu.

"Aliuliza, mama. Aliniuliza mimi. Nikamwambia hakuna shida."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aharibikiwe. Nilikuwa namwonea wivu."

Kwenye simu kuku bado walikuwa wanasikika, na mtu mbali kidogo anapasua kuni.

"Miaka kumi na moja nimevaa kanga zilizochanika," Minza alisema. "Kwa ajili ya jicho la Bundala. Jicho lako sikuliwazia."

"Mama, nitakuja kesho. Tutazungumza na Mboje, tutatafuta..."

"Kwa Mboje naongea mwenyewe." Alikuwa ameshatulia, anazungumza kama mtu anayepanga kazi za nyumbani. "Kesho usije. Na siku ukija, uniarifu mapema kama watu wanavyofanya. Nitakuchinjia kuku, nikupe firigisi."